Nilivyozoea vitenzi elekezi na sielekezi vya Kireno

Nilianza kujifunza Kireno nilipohamia Maputo kikazi. Elekezi na sielekezi nilishavisoma sekondari kwa Kiswahili, kwa hiyo mwanzo ulikuwa mwepesi: comprar, kununua, kinahitaji kitu kinachonunuliwa, dormir, kulala, kinajitosheleza. Kazi ilikuja pale Kireno kinapovigawa vitenzi elekezi vyenyewe. Kuna transitivo direto, kinachopokea shamirisho, yaani kitu au mtu anayetendewa, moja kwa moja, na transitivo indireto, kinachodai kihusishi kwanza, hasa a au de.

Kwetu mgawanyo huo umejificha. Nilimwona, nilimjibu, nilimpigia simu: "m" ni ileile. Mreno atasema vi-o, kisha respondi-lhe, telefonei-lhe. Viwakilishi o na a husimama badala ya shamirisho la moja kwa moja, lhe badala ya lile linaloletwa na kihusishi a. Nilipolishika hili, nikawa na kipimo: nabadilisha nomino kwa kiwakilishi, nasikiliza kipi kinakubalika. Ajudei o meu irmão, nilimsaidia kaka yangu, inakuwa ajudei-o. Obedeci ao meu pai, nilimtii baba yangu, inakuwa obedeci-lhe.

Kipimo hicho hakifiki kwenye de. Gosto de arroz, napenda wali, haiwi lhe kabisa. Na maana haisaidii kitu, kwa sababu amar, nacho ni kupenda, hakitaki kihusishi: amo a minha terra, naipenda nchi yangu, ambapo hiyo a ni kibainishi tu. Ndiyo maana daftarini mwangu hakuna kitenzi kinachokaa peke yake. Naandika gostar de, precisar de (kuhitaji), telefonar a, na ninavikariri hivyo hivyo, kitenzi na mkia wake.

Halafu kuna chegar, kufika. Cheguei a Maputo ina kihusishi, lakini a Maputo inajibu swali la "wapi?", ni kielezi cha mahali. Chegar kinabaki sielekezi, sawa na nascer, kuzaliwa, na morrer, kufa.

Kauli ya kutendwa nayo inasaidia kutambua elekezi: comprei o livro, nilinunua kitabu, hugeuka o livro foi comprado, kitabu kilinunuliwa. Ila tahadhari, ter, kuwa na kitu, ni elekezi na hakigeuki. Tena kitenzi kimoja huweza kuvuka mpaka. O menino come, mtoto anakula, hapo ni sielekezi. Come pão, anakula mkate, tayari ni elekezi. Tazama sentensi nzima kabla ya kukipa kitenzi jina.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni Kireno cha Msumbiji chenyewe. Kwa Kiswahili nasema "nilipewa kitabu" bila shida, kwa kuwa mpewaji anaweza kuwa kiima. Kireno sanifu hakimruhusu: dar, kupa, kina shamirisho mbili, na ni kitabu pekee kinachoweza kupanda kuwa kiima. Inabidi useme deram-me um livro, walinipa kitabu. Lakini Msumbiji utasikia fui dado um livro, nilipewa kitabu, na hata nascer kikitumiwa kwa maana ya kuzaa mtoto. Wanaowacheka wasemaji hao nadhani hawawatendei haki. Hiyo ni sarufi ya lugha zetu za Kibantu inayosikika ndani ya Kireno, na mimi naielewa papo hapo. Barua za ofisini, hata hivyo, naziandika kwa deram-me.