Jinsi nilivyoiweza epoksi kwenye dagaa bandia

Kwa miaka kumi na mmoja nilifunga nzi wa kuvulia katika karakana moja jijini Nairobi, yaani ndoana zinazovikwa manyoya na nyuzi hadi zifanane na mdudu au samaki mdogo. Karibu wote walikuwa wa kuvulia trauti, samaki wa maji baridi waliopandikizwa katika Mto Gura mwaka 1905. Nzi wa trauti humalizwa kwa tone la vanishi juu ya fundo la uzi, na kazi imekwisha. Kwa hiyo nilipohamia Kilifi, na mteja akaagiza dazeni tatu za dagaa bandia wa kuvulia kolekole, wenye kichwa kigumu kinachong'aa kama kioo, nilidhani epoksi, gundi ya kuchanganya inayofanya kichwa hicho, ni vanishi nzito tu.

Mtindo huo ulienezwa na Bob Popovics wa New Jersey, Marekani, aliyetaka nzi anayestahimili meno ya samaki wakali wa baharini. Kiwiliwili nilikifunga bila shida, kwa nywele bandia za kusukia ambazo huuzwa kwa bei ndogo katika kila duka la urembo, nami bado naziona bora kuliko nyingi zinazoagizwa kutoka ng'ambo. Shida ilianzia kwenye kichwa.

Ilikuwa Mei, mvua za masika zikinyesha. Muuza vifaa vya ujenzi aliyeniuzia epoksi, ile ya chupa ya resini na chupa ya kigumishi, alinishauri kwa moyo mkunjufu: "Fundi, msimu huu zidisha kigumishi, itakauka upesi." Nilizidisha, nikapaka dazeni mbili usiku mmoja. Asubuhi zilikuwa zinanata kama asali. Nilizianika juani siku tatu, lakini kila nilipobonyeza kwa ukucha alama ilibaki, na vumbi lilikuwa limeshika kila mahali. Kwa kukata tamaa nilisogeza chache karibu na jiko la makaa. Epoksi ililegea, ikatiririka hadi kwenye mkia, na zile nywele laini ambazo zilipaswa kucheza majini zikashikana zikawa kama kijiti.

Ushauri ule bado unaniudhi, kwa sababu nausikia hata leo. Epoksi haikauki kama vanishi, ambayo huwa ngumu kimiminika chake kinapopotea hewani. Resini na kigumishi huungana kikemikali, kila kimoja kikidai kiasi chake cha mwenzake, na kinachozidi hukosa cha kuungana nacho, kikabaki laini daima. Chupa zangu zilitaka vipimo sawa kwa ujazo, wala si kwa uzito, kwa kuwa vimiminika hivyo viwili havina uzito sawa. Tena nzi mmoja huhitaji epoksi kidogo mno, kiasi cha punje ya mahindi, na kwa kiasi hicho tone moja la ziada ni kosa kubwa. Siku hizi huchora mistari miwili ya urefu na unene sawa juu ya karatasi ya alumini, inayotosha nzi sita, kisha huchanganya polepole kwa dakika nzima, nikikwangua pembeni. Ukikoroga kwa haraka unaingiza viputo vya hewa. Vinavyobaki huvitoboa kwa sindano. Baada ya hapo naitandaza iwe nyembamba, kwani ikiachwa donge hujipasha moto yenyewe na kugandia mkononi kabla ya nzi wa tatu.

Kilichobaki kilikuwa kuizuia isining'inie upande mmoja. Kugeuza ndoana kwa mkono kulinichosha, na vichwa vilitoka na matumbo yasiyolingana. Hapo ndipo nilipoipata hila ninayojivunia kuliko zote: kwa fundi wa redio nilinunua, kwa bei ya chakula cha mchana, mota inayozungusha sahani ndani ya maikrowevu mbovu. Huzunguka kama mara tano au sita kwa dakika, na huo ndio mwendo unaofaa. Niliifunga kipande cha sponji ngumu, nikachomeka ndoana kukizunguka, na epoksi ikajisambaza yenyewe hadi ikaganda ikiwa duara safi. (Soma maandishi ya volti yaliyo juu ya mota kabla ya kuiunganisha, si zote zinazotumia umeme wa ukutani moja kwa moja.)

Macho ya stika hubandikwa baada ya tabaka la kwanza kugumu, kisha la pili huyafunika. Vaeni glavu na mfungue madirisha: mimi nilipuuza, na vidole vikawasha kwa wiki mbili. Zile zilizokuwa zikinata niliziokoa kiasi cha nusu kwa kuzipaka juu tabaka jipya lililopimwa vizuri; zile za jikoni nilizitupa.

Mteja alichukua dazeni zake tatu mwishoni mwa Juni. Mwezi uliofuata alinirudishia nzi mmoja aliyeng'atwa na mzia huko Watamu. Mkia wote ulikuwa umekwenda, lakini kichwa kilikuwa kizima, kikiwa na mikwaruzo minne ya meno juu ya jicho la kushoto. Nimekiweka mezani, kando ya jiliwa ninalofungia.