Maombi Yasiyojibiwa: Ninavyoyashughulikia Katika Ibada Yetu ya Kiswahili

Swali linaloletwa kwa waombezi wa ibada yetu ya Kiswahili hapa Kampala kuliko mengine yote ni hili: "Nimeomba, nimefunga, nimekesha, mbona Mungu kanyamaza?" Wanaolileta ni wake wa wanajeshi, wachuuzi wa soko la Owino, vijana wa bodaboda, na ndugu zetu Wakongo wanaopanda basi kutoka kambi za wakimbizi za Nakivale au Kyangwali kuja kufuatilia mambo yao mjini. Nina utaratibu ninaoufuata, na nitaueleza hapa kwa kirefu, maana majibu ya papo kwa papo yanayotolewa madhabahuni huwaongezea watu jeraha, na mengi hayana mguu hata katika Biblia yenyewe.

Kazi huanzia kwenye daftari. Kaunta buku ya kawaida inatosha. Ukurasa unapigwa safu nne: tarehe, ombi, sehemu yangu, kilichotokea. Ombi liandikwe kwa sentensi moja, na liwe na kitu ambacho mtu anaweza kuona kama kimetokea au hakikutokea. Hapo ndipo wengi hukwama. Mtu anasema ameomba miaka na miaka "Mungu amfungulie milango", ukimwuliza mlango gani, anatazama chini. Ombi la namna hiyo huwezi kujua lini limejibiwa wala lini limekataliwa. Sasa tazama hili la mama anayeuza mitumba: "Baba, nipatie karo iliyobaki ya muhula wa pili kabla mtoto hajarudishwa nyumbani." Lina kiasi, lina mwenyewe, lina wakati. Kwenye safu ya tatu anaandika yaliyo mikononi mwake: kwenda kumwona mhasibu wa shule aombe kulipa kidogo kidogo, kukusanya madeni ya wateja, kumwuliza mjomba wa mtoto. Safu ya nne anaiacha wazi kwanza.

Maombi yakishaandikwa hivyo, huo unaoitwa ukimya huanza kuonyesha sura zake. Kuna maombi yanayogongana. Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea, mfyatua matofali anaomba jua ili matofali yakauke kabla ya kuchomwa, na mwenye shamba la maharage ng'ambo ya kilima anaomba mvua. Wote wawili ni walokole, na mmoja lazima alale akisema hakusikilizwa. Kuna yaliyopitwa na wakati. Mtihani wa PLE, wa kumaliza shule ya msingi, hufanywa Novemba na matokeo hutoka mwaka mpya. Krismasi ikifika, alama za mtoto zimekwisha kuwa zilivyo. Wazazi wa wakati huo nawaelekeza waombee moyo wa mtoto na nafasi ya sekondari, mambo ambayo bado yako mbele. Na kuna maombi ambayo jibu lilikuja, ila kwa njia isiyotazamiwa, na kwa kuwa hakuna aliyeandika, limesahauliwa.

Halafu kuna yale yanayopita katika maamuzi ya watu wengine, na haya yanataka upole mwingi. Mkimbizi anaombea dosie yake, yaani faili lake, la kwenda nchi ya tatu. Dosie hiyo inapitia UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, kisha kwa maafisa wa nchi inayopokea. Kuna mahojiano, uchunguzi wa usalama, vipimo vya afya. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na hata waliokwisha kupangiwa safari walibaki. Kumwambia mtu kama huyo kwamba ndege imempita kwa sababu ya dhambi iliyofichika nyumbani mwake ni kumsingizia yeye na kumsingizia Mungu pia. Amri ilitiwa saini Washington, ikawakuta wacha Mungu na wasio wacha Mungu bila kubagua. Biblia haifichi kwamba binadamu anaweza kukaidi analolitaka Mungu. Yesu mwenyewe aliulilia Yerusalemu akisema ametaka mara nyingi kuwakusanya watoto wake, "lakini hamkutaka" (Mathayo 23:37).

Ukishayaondoa yote hayo, hubaki fungu gumu: ombi lililo wazi, jema, la wakati wake, lililoombwa na watu wengi, na halikupewa. Mtoto aliyewekewa mikono wodini, akafariki alfajiri.

Hapa mimi hufungua Matendo ya Mitume 12, na sijaona sura nyingine inayofanya kazi hii vizuri zaidi. Herode anawakamata watu wa kanisa. Aya ya 2: "Akamwua Yakobo, ndugu wa Yohana, kwa upanga." Basi, Yakobo amekwisha, kwa sentensi moja. Kisha anamkamata Petro, anamkabidhi kwa vikosi vinne vya askari wanne wanne, na malaika anakuja kumtoa. Ni kanisa lilelile, mji uleule, mfalme yuleyule. Yakobo alikuwa mmoja wa wale watatu waliokuwa karibu na Yesu kuliko wote, kwa hiyo huwezi kusema hakuwa na kibali. Sasa msomee mwenzako aya ya 13 hadi ya 15 polepole. Petro anabisha mlangoni, kijakazi Roda anakimbia kuwaambia waliokuwa wakiomba, nao wanamjibu kwamba ana wazimu. Wanaomba afunguliwe, na hawasadiki kwamba amefunguliwa! Mwenye kufundisha kwamba kipimo cha imani ndicho kinachoamua nani apone na nani afe, sura hii inamwangusha mara mbili: Petro alitoka gerezani kwa maombi ya watu wenye mashaka, na Yakobo mwenye imani aliuawa kwa upanga. Luka, aliyeandika kitabu hicho, haelezi kwa nini. Naye ni mwandishi anayependa kueleza mambo.

Sisi Waganda tuna sababu ya ziada ya kulielewa hili. Tarehe 3 Juni kila mwaka watu wanafika Namugongo kwa miguu, wengine wakiwa wametembea majuma kadhaa, kuwakumbuka Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa moto hapo mwaka 1886. Mashahidi wa Uganda kwa jumla ni 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Tarehe 16 Februari tunamkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa mwaka 1977 wakati wa Idi Amin. Sijapata kumsikia mhubiri akisimama Namugongo aseme wale vijana waliungua kwa kukosa imani. Lakini Jumapili inayofuata, mhubiri huyohuyo anaweza kumwambia mjane wa mtaa wa Bwaise kwamba mumewe alikufa kwa sababu nyumbani hamkuamini vya kutosha. Hilo silivumilii, na huwa nasema wazi.

Je, Biblia haisemi kwamba maombi yanaweza kuzuiliwa? Inasema. Yakobo 4:3: "Hata mwaomba, wala hampati kwa sababu mwaomba vibaya, ili mvitumie kwa tamaa zenu." 1 Petro 3:7 inawaonya waume wasiowaheshimu wake zao. Marko 11:25 inataka usamehe unaposimama na kusali. Zaburi 66:18 inataja maovu yanayowazwa moyoni. Aya hizi nne nampa mtu azisome mwenyewe, jioni moja, akiwa peke yake. Akikuta jambo, alitengeneze: arudishe fedha, aombe radhi, amwache mke wa mtu. Asipokuta jambo, tunafunga hapo. Kosa linalofanyika mara kwa mara ni kurudia uchunguzi huo kila juma mpaka mtu aanze kuungama dhambi za utotoni, halafu za babu yake. Ukifika kwa babu, soma Ezekieli 18:20, inayosema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Na anayesisitiza kwamba lazima ipo sababu, asome Ayubu 42:7. Marafiki wa Ayubu waliokuwa na maelezo kamili ndio waliokemewa.

Kuhusu kupanda mbegu ya fedha ili jibu lije haraka, nitasema kifupi. Naamani, jemadari mwenye ukoma, alitaka kulipa baada ya kuponywa, nabii Elisha akakataa. Gehazi mtumishi wake akakimbia nyuma ya gari akapokea, na ukoma wa Naamani ukamshika yeye (2 Wafalme 5). Sadaka ni sadaka. Ikigeuka ada ya muujiza, irudishwe kwa mwenyewe.

Suala la dawa na kufunga lina hatari ya kweli, kwa hiyo naliweka mbele ya mtu mapema, kabla hajaniuliza. Anayetumia ARV, dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI, asiziache kwa sababu ameombewa. Kinachowapotosha wengi ni karatasi ya kliniki: wanasoma kwamba virusi havionekani kwenye kipimo, wanakimbilia kipaza sauti kutoa ushuhuda wa uponyaji. Maana ya matokeo hayo ni kwamba dawa inafanya kazi. Virusi bado vimejificha mwilini, na dawa zikiachwa vitaongezeka tena, pengine vikiwa sugu kwa dawa ya kwanza. Vivyo hivyo kwa kifua kikuu, kisukari na kifafa. Paulo aliyeombea wagonjwa wakapona ndiye aliyemwacha Trofimo mgonjwa huko Mileto (2 Timotheo 4:20), ndiye aliyemshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na alisafiri na Luka, tabibu. Hakuona aibu.

Kufunga kavu, bila chakula wala maji, siku tatu kwa mfano wa Esta kusitolewe kama agizo la jumla kesheni. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, na kila anayemeza dawa zinazotaka chakula, wasifunge kavu hata kidogo. Wazungumze na mhudumu wa afya kwanza. Kwa hao ninapendekeza mfungo wa Danieli 10:3: kwa majuma matatu aliacha chakula kitamu, nyama na divai, na si chakula chote. Wengine hufunga simu baada ya saa mbili usiku, na hilo nalo ni gumu kuliko linavyosikika.

Swali linalofuata huwa: niendelee kuomba mpaka lini? Biblia ina mifano ya pande zote mbili. Mjane wa Luka 18 alimsumbua kadhi mpaka akapata haki yake, na Ibrahimu alingoja tangu miaka 75 hadi 100 kumpata Isaka. Lakini Musa aliposihi avuke Yordani aliambiwa basi, asiseme tena habari hiyo (Kumbukumbu la Torati 3:26). Paulo aliomba mara tatu mwiba utoke mwilini mwake, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha". Daudi alifunga na kulala chini siku saba kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa. Mtoto alipokufa aliinuka, akaoga, akabadili nguo, akaingia nyumbani mwa BWANA kuabudu, kisha akaomba chakula. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: endelea maadamu jambo lenyewe bado linaweza kutokea na kuliomba kunakujenga. Jambo likishapita, au kuomba kukiwa kumekunyima usingizi na kukukosanisha na watu wa nyumbani, badilisha ombi. Aliyekuwa akiomba mume apone, na mume amezikwa, sasa aombe nguvu ya kulea, na haki ya kiwanja ambacho shemeji zake wamekwisha kukitupia jicho. Hayo pia yanaingia daftarini, kwa tarehe yake.

Na aliyeumia asilazimishwe kusifu kabla ya kulia. Zaburi 13 ni fupi, aya sita tu, na ina mpangilio unaoigika. Aya mbili za kwanza ni malalamiko: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Mbili zinazofuata ni ombi. Mbili za mwisho ni tumaini. Nampa mtu karatasi, aandike sentensi mbili mbili za kwake kwa mpangilio huo, kwa lugha anayootea ndoto, iwe Kiswahili, Luganda au Kinyabwisha. Akikwama kwenye tumaini, tunaacha pale alipofika na kuhamia Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani bila hata aya moja ya kugeuka. Ikiwa Biblia iliiacha hivyo, sioni kwa nini mwombezi aone haraka ya kumalizia mwenzake sentensi.

Kwenye kesha la Ijumaa tumeliweka hili katika ratiba. Baada ya shuhuda za waliopokea, inasomwa zaburi moja ya maombolezo, kisha wanaongoja wanapewa nafasi ya kusema wanachokingojea, kila mtu dakika mbili. Anayeongoza haongezi maelezo wala aya ya kufariji kati ya msemaji mmoja na mwingine. Akimaliza mmoja, watu wanasema "tunakusikia, ndugu", au "tunakusikia, mama", na kipaza sauti kinapita.