Kushuka Pwani hadi Beira

Safari hii niliianzia Unguja kwa sababu ya mikarafuu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilikipiga kisiwa, kikang'oa sehemu kubwa ya mashamba ya karafuu na kuzamisha merikebu za Sultani Barghash bandarini, hata miaka miwili kitini hajatimiza. Pemba, hapo kaskazini tu, ilisalimika. Tangu hapo karafuu ikawa mali ya Pemba, na mpaka leo ndivyo ilivyo. Mzee mmoja niliyekaa naye barazani Mji Mkongwe alinisimulia habari hiyo kana kwamba babu yake aliiona juzi. "Mwanangu, upepo ule ndio uliowahamishia wenzetu riziki," akaniambia.

Swali lililonitoa nyumbani ni hili: kwa nini Unguja isimulie kimbunga cha zaidi ya miaka 150 iliyopita, ilhali pwani hii hii, ukiifuata kusini hadi Msumbiji, inapigwa karibu kila msimu?

Si kwamba bahari yetu ni baridi. Kimbunga kinataka maji yenye joto la nyuzi 26.5 za Selsiasi au zaidi, na joto hilo liwe limezama chini kiasi cha mita 50, lisiwe la juu juu. Wakati wa kaskazi maji yetu yanatimiza sharti hilo na kulipita. Aliyeogelea Paje mwezi Machi anajua. Tunachopungukiwa ni mzunguko. Dunia inapojizungusha huipinda njia ya upepo, lakini kwenye Ikweta upindaji huo haupo kabisa, na huongezeka kadiri unavyoiacha Ikweta. Lamu iko nyuzi 2 kusini mwa Ikweta, Mombasa 4, Pemba 5, mji wa Unguja 6. Katika maeneo hayo, hewa inayokimbilia penye mgandamizo mdogo hufika moja kwa moja ikalijaza pengo kabla haijaanza kulizunguka. Kimbunga kinakufa hakijazaliwa. Kwa hiyo cha 1872 kilikuja mahali ambapo vimbunga ni nadra mno, na ndiyo maana hakikusahaulika.

Basi la Lindi liliondoka Dar es Salaam alfajiri. Tulivuka Rufiji, mikorosho ikaanza, na kabla ya kufika Kilwa tukapita Somanga. Abiria mwenzangu alinionyesha barabara ilipokatika Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, kiasi cha nyuzi 8 kusini. Tarehe 4 Mei Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba kimepoteza nguvu, na upepo kweli ulitulia. Mvua yake ndiyo iliyobomoa njia, Kusini ikatengana na Dar es Salaam. "Tulilala garini, kaka," alisema. "Malori yamepanga foleni, mwisho wake huuoni."

Lindi iko nyuzi 10, na hapo habari inabadilika. Aprili 1952 mji huu ulipigwa na kimbunga kamili. Nilipelekwa kwa bibi mmoja aliyekuwa mtoto mdogo wakati huo. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu, kaa," kisha akanyamaza kidogo kabla ya kuanza. Alichokumbuka zaidi ni sauti, halafu minazi iliyolala yote upande mmoja. Mama yake aliwafunga watoto kwa kanga, mmoja kwa mwingine, akawatoa nje, kwa kuwa paa lilikuwa limeanza kuondoka na kuta za udongo zinadondoka. Walikaa kwenye korongo mpaka kukacha. Wajukuu zake wawili walikuwa wamesimama mlangoni, na ilionekana wazi kwamba hawakuwahi kusimuliwa hayo. Hilo liliniuma. Mji unaopigwa mara moja katika vizazi vitatu unaweza kuingia kwenye kimbunga cha pili haujui akina mama wa kile cha kwanza walifanya nini.

Mtwara sikukaa sana. Nilivuka na pantoni kwenda Msangamkuu, nikazungumza na nahodha aliyekuwa akitengeneza nyavu. Tarehe 25 Aprili 2019, wakati kimbunga Kenneth kinakuja, watu wa Mtwara walitakiwa kukaa tayari na kuhama penye hatari. Wakangoja. Kenneth kikapita kaskazini ya Ngazija, kikashukia Cabo Delgado, kaskazini mwa mji wa Pemba wa Msumbiji, kikakiharibu vibaya kisiwa cha Ibo. "Kilipita hapo chini tu," nahodha alisema, akinyoosha mkono kuelekea Ruvuma.

Kupita kwake chini kuna sababu. Pepo kuu za mashariki huvisukuma vimbunga kuja magharibi, lakini mzunguko wa kimbunga chenyewe hukivuta kiende mbali na Ikweta, yaani kwetu huku, kusini. Kinachotujia usawa wa Mtwara kwa kawaida humalizia safari yake kwa jirani. Ongeza kisiwa cha Madagaska, ambacho ncha yake ya kaskazini iko kwenye nyuzi 12: kimbunga kinachopita kaskazini mwa ncha hiyo hakina kizuizi mpaka Komoro na Cabo Delgado. Chido kilifuata njia hiyo Desemba 2024. Tarehe 14 kilikuwa Mayotte, kesho yake kiko Msumbiji.

Barabara ya kupita Cabo Delgado sikuithubutu kwa sababu ya vita vilivyoanza huko 2017, kwa hiyo nilifika Beira kwa ndege. Mwenyeji wangu alikuwa Mmakonde aliyekulia Mtwara, mfanyabiashara, na ndiye aliyenitafsiria.

Beira inakaribia nyuzi 20, mzunguko upo wa kutosha, na mbele yake ni maji ya moto yaliyozungukwa na Bara upande mmoja na Madagaska upande wa pili. Kimbunga kikiingia humo, au kikizaliwa humo, pwani haiko mbali. Kimbunga Idai kilianza mwanzoni mwa Machi 2019 kama mvua kubwa tu, kikaingia nchi kavu, kikarudi baharini, kikanywa joto kwa siku kadhaa, kisha usiku wa tarehe 14 kikaipiga Beira. Msumbiji peke yake ilizika watu zaidi ya 600.

Nilitembea ufuo wa Macuti wakati wa maji kupwa, na hapo ndipo nilipoelewa sehemu ya pili ya jibu. Bahari ilikuwa imekwenda mbali ajabu. Chini ni mchanga na tope, kina ni kidogo kwa makumi ya kilomita, na tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua, yaani maji makuu, hupita mita 6. Upepo wa kimbunga ukisukuma maji juu ya sakafu ya namna hiyo, hayana pa kushuka, yanapanda. Huku kwetu kusini mwa Ikweta vimbunga huzunguka kama mishale ya saa, kwa hiyo pwani iliyo upande wa kusini wa jicho ndiyo inayosukumiwa bahari. Na nyuma ya Beira kuna mito ya Pungwe na Buzi, iliyojaa mvua hiyo hiyo ikitafuta kutoka, huku sehemu za mji zikiwa chini ya kimo cha maji makuu.

Praia Nova, mtaa wa wavuvi, nilimuuliza mzee mmoja usiku wa Idai maji yalikuwaje. Alimjibu mwenyeji wangu kwa vidole: mwezi ulikuwa wa siku saba. Maji mafu. Bahari ilipanda namna ile juu ya maji madogo kabisa, na mwezi mpevu, pamoja na bamvua lake, ulikuja wiki moja tu baadaye.

Nyumba za mabati zimejengwa tena palepale. Niliuliza kwa nini wasihamie kwenye makazi waliyopewa walionusurika, mbali na bahari. Mzee alijibu kwamba alikwenda, akakaa, akarudi, kwa kuwa kutoka kule hawezi kuwahi maji ya alfajiri.