Lodwar hadi Manda: hesabu ya safari ya ami

Ami yangu anasomesha Lodwar, kaskazini-magharibi mwa Kenya, na mwaka ule alikuwa na binti wa kuozesha Lamu, akdi ikiwa baada ya sala ya alasiri. Kwa kuwa mimi hufuatilia mizigo bandarini hapa Mombasa, jamaa waliona kupanga safari yake ni juu yangu.

Programu ya simu ilinipa kilomita 839 kwa ndege, kwa mstari ulionyooka, na muda wa saa moja na dakika chache. Umbali niliuhakiki kwa njia ya manahodha: dakika moja ya latitudo, ambayo ni sehemu moja ya sitini ya nyuzi, ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Uwanja wa ndege wa Manda, unaohudumia Lamu, uko takriban nyuzi 2 na dakika 15 kusini mwa ikweta, na Lodwar nyuzi 3 na dakika 7 kaskazini, jumla dakika 322. Longitudo zao zinatofautiana kwa dakika 318, ambazo karibu na ikweta hukaribia urefu uleule, kwa hiyo kanuni ya Pythagoras tuliyoikariri shuleni ilitosha kunipa maili 453. Programu haikukosea.

Kilichonitia shaka ni muda, kwani saa moja ni mwendo wa jeti kubwa, na ndege ambayo ami angeweza kuikodi ni Cessna Caravan ya injini moja. Nikiikadiria maili 170 za baharini kwa saa, nilipata saa 2 na dakika 40. Rubani mmoja tunayesali naye Kibokoni aliitazama karatasi yangu, akaniuliza, "Na upepo je, sheikh?" Akanieleza kwamba kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya kuna kama mlango, ambamo upepo wa kusini-mashariki hupita kwa nguvu karibu mwaka mzima. Anayetoka Lodwar kuja pwani huukabili usoni. Nikipunguza maili 20 kwa saa, safari ilifika saa 3 kamili.

Bei ya kukodi sitaitaja; ami aliposikia alicheka tu. Tulikata tiketi za kupitia Nairobi, na hapo ndipo niliposhangaa, maana mzunguko ule mzima ni kama kilomita 980, yaani 140 tu zaidi ya mstari ulionyooka. Kinachokula muda ni kungoja ndege ya pili. Nikamwambia atoke Lodwar siku moja kabla, alale Nairobi, apande asubuhi uwanja wa Wilson.

Alitua Manda kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nikimsubiri gatini upande wa Lamu, na dakika zikapita pasipo kumwona, kwa sababu uwanja uko kisiwa cha pili na mashua ilikuwa ikingoja abiria wajae. Aliposhuka, kanzu imelowa maji ya chumvi hadi magotini, alinipa mkono na kusema, "Mwanangu, ndege umeihesabu vizuri. Mashua je?"