Dole gumba la Taj Mahal

"Sikiliza gumba kwanza." Ndivyo alivyoniambia baba mdogo siku aliyonikabidhi gitaa lake la zamani. Akaweka muziki wa Taj Mahal, mpiga blues wa Marekani, akanyamaza. Mimi sikio langu lilikuwa juu, kwenye sauti inayoimba. Kumbe kazi iko chini. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene bila kusimama wala kukimbia, kama mtu anayetwanga, huku kidole cha kati kikidonoa nyuzi nyembamba pale kinapoona panafaa. Vidole viwili tu! Ukifumba macho unaweza kuapa kwamba wamekaa watu wawili.

Ilinichukua miezi mitano gumba langu kukubali kwenda zake bila kuvutwa na kidole kingine. Nilipolipata pigo lile ndipo nikaanza kumtafuta mwenyewe ni nani.

Jina alilopewa na wazazi ni Henry St. Claire Fredericks. Alizaliwa Harlem, New York, tarehe 17 Mei 1942, akakulia Springfield, Massachusetts. Baba yake alikuwa mpiga piano na mpangaji wa muziki wa jazi mwenye asili ya visiwa vya Karibi. Mama yake, mwalimu na mwimbaji wa injili, alitoka Carolina Kusini. Redio yao ya masafa mafupi ilinasa muziki wa dunia nzima, kwa hiyo mtoto alikua bila kujua kwamba kuna muziki wa kigeni. Kisha baba akafa katika ajali ya trekta, Henry akiwa bado mdogo. Mama akaolewa tena, na gitaa la baba wa kambo likaingia nyumbani. Kijana mmoja wa jirani, aliyehamia kutoka Carolina Kaskazini, ndiye aliyemwonyesha namna ya kulipiga.

Jina la Taj Mahal anasema lilimjia kwa njia ya ndoto, ndoto za Gandhi na India. Wengi wakimsimulia hukaa sana kwenye habari hiyo ya jina. Mimi kinachonigusa ni ng'ombe.

Kabla hajawa mtu wa jukwaani alifanya kazi katika shamba la ng'ombe wa maziwa huko Palmer, karibu na Springfield, na akiwa na miaka 19 tayari alikuwa msimamizi. Anaamka saa kumi na kitu alfajiri. Anakama ng'ombe kati ya 35 na 70 kwa siku. Analima mahindi na majani ya malisho. Baadaye akaenda kusomea ufugaji katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, na usiku akawa anapiga muziki na bendi ya wanafunzi. Angeweza kabisa kuishia kuwa bwana mifugo. Nikimsikiliza leo namsikia yule msimamizi wa shamba: hana papara, anajua kitu kilichopandwa hakivutwi kwa mkono ili kiote.

Mwaka 1964 akahamia California, akaunda Rising Sons pamoja na kijana aliyeitwa Ry Cooder. Weusi na Weupe katika bendi moja, miaka ile! Kampuni ya rekodi ya Columbia ikawasaini, lakini albamu yao ikakaa kabatini hadi 1992, bendi yenyewe ilishakufa zamani. Yeye hakukaa kununa. Mwaka 1968 akatoa albamu yake ya kwanza, na ya pili mwaka huohuo. Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi, maana vijana wengi Weusi wa Marekani wakati ule walikuwa wamehamia kwenye muziki wa soul, na blues ikaonekana muziki wa wazee, muziki wa kukumbusha shida za mashamba ya pamba. Yeye akaikumbatia hadharani, bila aibu. Na hakuifungia kwenye sanduku: mwaka 1971 alitoa albamu ya jukwaani akiwa na matuba manne nyuma yake, madude makubwa ya shaba yakivuma besi. Isikilize kwa spika nzuri, utanishukuru.

Sasa filamu. Mwaka 1972 ilitoka Sounder, hadithi ya familia ya wakulima Weusi wa Louisiana mwaka 1933, wanaolima shamba la mtu mwingine na kugawana mavuno. Baba anaiba chakula kwa ajili ya wanawe, anafungwa, na mama anabaki na shamba na watoto. Cicely Tyson na Paul Winfield wanacheza mke na mume, na wote wawili waliteuliwa kuwania Oscar. Taj Mahal anacheza Ike, rafiki wa familia, mwenye gitaa lake. Muziki wa filamu nzima pia ni wake.

Nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara macho yangu yanakwenda kwenye mwili wa Ike. Namna anavyosimama. Namna gitaa linavyomkaa kama jembe linavyomkaa mkulima. Hapo hapana kuigiza shamba, maana shamba analijua. Muziki wake nao ni mchache mno, banjo kidogo, gitaa kidogo, kisha kimya kirefu ambacho mtunzi mwingine angekijaza fidla za kuliza watu. Alirudi kuwa Ike katika filamu ya pili ya hadithi hiyo mwaka 1976, na mwaka 1991 akatunga muziki wa tamthilia ya Mule Bone kule Broadway.

Kuna jambo ambalo watu wetu wengi hawalijui. Huyu mzee alikuja kwetu. Mwaka 1999 alikuwa ametoa Kulanjan na Toumani Diabaté, mpiga kora (kinubi cha Afrika Magharibi) wa Mali, lakini Afrika Magharibi kila mpenzi wa blues huikimbilia. Yeye akafika hadi Zanzibar, akakaa na Culture Musical Club, kikundi cha taarab kilichoanzishwa 1958, na mwaka 2005 ikatoka albamu yenye jina la Kiswahili: Mkutano.

Niliiogopa kabla ya kuisikiliza. Nilidhani ingekuwa taarab iliyowekewa gitaa la mgeni juu yake, kama wali uliomwagiwa mchuzi usio wake. Sivyo hata kidogo. Fidla ya taarab haina vyuma shingoni kama gitaa, kidole kinateleza kutoka sauti hadi sauti na kupita mahali ambapo piano haiwezi kugusa. Mpiga blues naye anaupinda uzi atafute mahali hapohapo. Wakakutana pale, katikati ya sauti mbili, na mzee akaacha fidla zitangulie.

Tuzo zipo, Grammy kadhaa, pamoja na ile ya heshima ya maisha mwaka 2025. Kwangu iliyo tamu kuliko zote ni ya mwaka 2023, kwa albamu ya Get on Board. Aliirekodi na Ry Cooder yuleyule wa Rising Sons, wakiwakumbuka Sonny Terry na Brownie McGhee, wapiga blues wa zamani. Nilikaa nayo usiku mmoja, taa nimezima, sikio nimeliweka chini kama nilivyofundishwa. Gitaa kwa sehemu kubwa amemwachia rafiki yake. Yeye ameshika harmonika, anapuliza.