Baiskeli za Safari za Chuma Kutoka Japani: Linganisha Fremu, Usilinganishe Stika

Anayetafuta baiskeli ya safari ya zamani, ile ya kubeba mifuko minne na kwenda mamia ya kilomita bila kulalamika, karibu lazima afike Japani. Kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwisho wa miaka ya 1980 viwanda vya huko vilitoa fremu za kromoli (chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni) zilizounganishwa kwa usahihi ambao Ulaya wakati huo uliupata kwa mafundi wa bei ghali tu. Nyingi zilikwenda Marekani, na hadi leo soko lake kubwa liko huko, kisha Ulaya.

Shida ni kwamba wanunuzi hulipia jina lililoandikwa kwenye bomba. Majina hayo yanapotosha. Univega ilikuwa kampuni ya California ya Ben Lawee, na baiskeli zake nyingi nzuri za miaka hiyo zilitengenezwa na kiwanda cha Miyata cha Japani. Nishiki ziliuzwa Marekani na West Coast Cycle lakini zilitoka kiwanda cha Kawamura. Schwinn, jina la Kimarekani kabisa, iliagiza baiskeli kutoka Panasonic tangu ile World Voyageur ya 1973. Kwa hiyo baiskeli mbili zenye majina tofauti na bei tofauti zinaweza kuwa zimetoka mikononi mwa wachomeleaji walewale. Mwenye kujua hilo hununua kwa busara zaidi.

Kipindi kina mwisho unaoeleweka. Septemba 1985 mataifa matano yalitia saini Makubaliano ya Plaza, ya kushusha thamani ya dola, na yeni iliyokuwa karibu 240 kwa dola ilifika karibu 155 mwaka mmoja baadaye. Baiskeli ya Japani ikapanda bei Marekani, huku baiskeli za milimani zikivuta wateja upande mwingine. Kazi ikahamia Taiwan. Fremu zilizotengenezwa Japani baada ya hapo bado ni nzuri, ila aina za safari zikawa chache. Bridgestone RB-T ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ni mojawapo ya zile za mwisho, na ofisi ya baiskeli ya Bridgestone kule Marekani ilifungwa 1994.

Tuanze na mabomba, kwa kuwa ndiyo roho ya fremu. Kampuni nyingi zilinunua mabomba kwa Tange au Ishiwata. Tange Champion No. 1 lina unene wa milimita 0.8 kwenye ncha na 0.5 katikati; No. 2 ni 0.9 na 0.6. Kwa safari yenye mzigo, No. 2 ndilo la kutafuta. Lile la kwanza ni jepesi na tamu likiwa tupu, lakini fremu kubwa ikipakiwa nyuma huanza kutikisika kwenye mteremko. Ishiwata waliandika namba zao kwa uzito wa seti: 022 ni kilo 2.2, 024 ni kilo 2.4, 019 ni kilo 1.9. Ukiona 022 au 024 kwenye baiskeli ya safari, aliyeichagua alijua anachofanya. Fuji walikuwa na mchanganyiko wao wenye vanadi, walioupa jina la Valite. Miyata walivuta mabomba yao wenyewe kiwandani, kazi ambayo watengenezaji baiskeli wengi hawakuithubutu. Walianza kama watengeneza bunduki na baiskeli yao ya kwanza ni ya 1890, kwa hiyo chuma chenye tundu hawakujifunza jana. Bomba lao la ngazi ya juu lina unene wa aina tatu, na ndani ya ncha kuna mifereji myembamba inayoongeza nguvu pale linapoungana.

Hapo ndipo sifa za Miyata 1000 zilipotoka, na sifa hizo ni za haki. Kromoli iko kila mahali, pamoja na uma wa mbele na vyuma vya nyuma. Umbali kutoka krenki hadi ekseli ya nyuma ni mrefu, karibu sentimita 45, kwa hiyo kisigino hakigongi mifuko. Lakini bei yake leo imepita kiasi. Miyata 610 ilitoka kiwanda hichohicho na jiometri yake inakaribiana sana. Tofauti kubwa iko kwenye vifaa, ambavyo baada ya miaka 40 utavibadilisha vyote hata hivyo. Univega Gran Turismo ni ndugu wa karibu wa 610, na kwa kuwa haina jina la Miyata, huuzwa kwa bei ya chini zaidi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo ununuzi bora katika ukoo wote. Miyata 210, ya ngazi ya chini, inafaa kwa safari fupi, ila thibitisha kwenye stika kama kromoli iko kwenye mabomba makuu matatu tu. Mara nyingi uma na nyuma ni chuma cha kawaida, kizito zaidi, ingawa hakivunjiki ovyo.

Panasonic wa mfululizo wa PT ni wakimya, na watu huwapita bila kuwaona. Kazi yao ya kuunganisha ni safi kuliko ya wengi, rangi hudumu. Fuji Touring Series ni imara na hukaa barabarani kwa utulivu mwingi, lakini chunguza kipenyo cha nguzo ya siti, maana zipo zenye vipimo visivyopatikana kirahisi. Nishiki Cresta GT na Centurion Pro-Tour ziko katikati. Specialized Expedition, iliyotengenezwa Japani pia, inalingana na Miyata 1000 na pengine inaizidi kwa mzigo mzito. Ni adimu, na wauzaji wanalijua hilo.

Ukiwa mbele ya baiskeli yenyewe, kabla ya kutazama gia zinazong'aa, fungua nguzo ya siti na shingo ya usukani. Zote mbili ni alumini ndani ya chuma. Zikikaa miaka bila grisi, hasa mahali penye hewa ya chumvi, hushikana kiasi kwamba mafuta ya kupenya pekee hayatoshi. Shingo iliyoganda ni kazi ya siku nzima, na nguzo ya siti iliyoganda huweza kuua fremu. Kama muuzaji hakubali ujaribu kuzilegeza, shusha bei kana kwamba zimeganda. Nguzo ikitoka, soma namba iliyopigwa juu yake: 27.2 ni ishara nzuri kwamba bomba la siti ni jembamba na la ubora, 26.8 na 26.6 bado ni sawa, 26.0 au chini yake kwa kawaida humaanisha bomba nene la bei nafuu.

Kisha pitisha kidole chini ya bomba la juu na bomba la chini, sentimita chache nyuma ya bomba la usukani. Rangi iliyokunjamana au kiuvimbe kidogo ni alama ya kugonga kwa mbele. Tazama uma kwa ubavu: sehemu yake ya juu iende sambamba na bomba la usukani. Geuza fremu, sikiliza kama kuna kutu inayochuruzika ndani. Maji hukusanyika kwenye boksi la krenki, na fremu nyingi za enzi hizo hazina tundu la kuyatoa.

Mwaka wa kutengenezwa haubahatishwi. Namba ya Miyata huanza na herufi ya mwaka: L ni 1983, M ni 1984, N ni 1985, na Univega zilizotoka kwao hufuata utaratibu huohuo. Vifaa vya Shimano vina herufi mbili ndogo zilizopigwa nyuma: ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976, ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari. IC maana yake ni Machi 1984. Vifaa vikipingana na fremu kwa miaka mitano, baiskeli imeunganishwa upya na mtu.

Sasa magurudumu, ambayo ndiyo yanayosumbua zaidi. Nyingi za baiskeli hizi zina rimu za inchi 27, zenye kipenyo cha milimita 630 pale tairi linapokaa. Rimu za 700C ni 622. Tofauti ya kipenyo ni milimita 8, kwa hiyo ukibadilisha, mpira wa breki unashuka milimita 4 tu. Breki za kantileva za Dia-Compe zenye mpira wa kijiti laini, kinachotelezeshwa juu au chini, huruhusu hilo bila taabu, na unapata nafasi zaidi ya tairi nene na madigadi. Lakini usikimbilie. Baiskeli za mjini za Japani, zile zenye kikapu mbele zinazoshushwa kwa makontena Afrika Mashariki, mara nyingi huvaa 27 x 1⅜, na hiyo nayo ni 630. Tairi hilo lina upana wa milimita 37, kwa hiyo pima kwanza nafasi kati ya vyuma vya nyuma na chini ya taji la uma. Madigadi huenda yasiingie. Upepo usipite kiwango kilichoandikwa ubavuni, kwani ni tairi la mjini. Usijaribu kamwe tairi la 28 x 1½ la baiskeli nyeusi za Phoenix. Hilo ni 635. Litaingia kwa urahisi kwenye rimu ya 630, litajaa upepo, kisha litachomoka ukiwa kwenye mwendo.

Habu ya nyuma ni ya milimita 126 kati ya nati na nati, kwa friwili (rundo la gia za nyuma linalofungwa kwenye habu kama skrubu) ya gia sita au ya saba nyembamba. Zile za zamani zenye tano ni 120. Udhaifu uko hapa: gololi za upande wa cheni ziko ndani sana, na ekseli inabaki imening'inia chini ya friwili bila mhimili. Kwa mzigo mzito hupinda, halafu hukatika. Ukiona gurudumu linayumba lakini rimu imenyooka, toa ekseli na uizungushe juu ya kioo. Dawa ya kudumu ni habu ya kaseti, ambayo gololi zake za kulia ziko nje kabisa. Habu ya 130 huingia kwenye fremu ya 126 kwa kuipanua kwa mkono. Kwa 135 lazima fremu inyooshwe bila moto, milimita 4.5 kila upande. Funga uzi kutoka mdomo mmoja wa fremu unaoshika ekseli, uzungushe mbele ya bomba la usukani, urudi mdomo wa pili. Pima umbali kati ya uzi na bomba la siti kila upande. Vuta upande mmoja kidogokidogo, pima, kisha mwingine. Ukimaliza, nyoosha midomo yenyewe iwe sambamba na usawazishe sikio la kihamisha cheni, la sivyo gia hazitatulia. Hii ni kazi ya fremu za chuma tu.

Kuitoa friwili ya SunTour huwashinda wengi, kwa sababu kifunguo chake cha meno mawili au manne huteleza na kumega nafasi zake. Kibane kifunguo kwa nati ya ekseli au kwa kibano cha habu kabla ya kutumia nguvu. Kishike kwenye jiliwa, ushike rimu kwa mikono miwili, zungusha kinyume cha saa kwa mshituko mmoja. Ikikubali, simama papo hapo, legeza nati, ndipo uendelee. Ukisahau kuilegeza, unavunja ekseli au kifunguo.

Gololi ni rahisi na ni vizuri kununua mpya zote: habu ya nyuma robo inchi, tisa kila upande, ya mbele 3/16, kumi kila upande, krenki robo inchi, kumi na moja kila upande. Boksi la krenki lina uzi wa skrubu wa kipimo cha Kiingereza, kwa hiyo kikombe cha kulia kinafunguliwa kwa kuzungusha upande wa saa. Hapo Japani walitusaidia sana, maana vipuri vya uzi huo vinauzwa hadi leo, wakati mwenye fremu ya Kifaransa hutafuta kwa miezi.

Bakuli za usukani ni kinyume. Fremu nyingi za ngazi ya kati hufuata kiwango cha Kijapani, ambapo kiti cha pete ya uma ni milimita 27.0 na tundu la bomba ni 30.0. Seti za kawaida madukani ni 26.4 na 30.2. Pete ya 26.4 haitaingia, bakuli la 30.2 litaingia kwa nyundo, huku likipanua bomba la usukani. Pima kwa kalipa, kisha agiza seti ya kiwango sahihi. Tange walizitengeneza kwa wingi. Na skrubu za msalaba kwenye vihamisha cheni si za bisibisi ya kawaida. Vichwa vyake vina pembe za Kijapani, na bisibisi isiyo yake huzikwangua hadi zisishikike tena.

Krenki ya Sugino AT ibakishe. Miduara ya boliti zinazoshika gia zake ina vipenyo vya milimita 110 na 74, gia hizo bado zinauzwa, na ndani unaweza kufunga gia ndogo hadi ya meno 24. Kwa 28 mbele na 34 nyuma, gurudumu la inchi 27 husonga karibu mita 1.77 kwa kila mzunguko wa pedeli, na hiyo inatosha kupanda mlima ukiwa na mzigo bila kusimama kwenye pedeli. Kihamisha cheni cha kwanza cha Deore chenye nembo ya kichwa cha mnyama paa bado kinafanya kazi vizuri. SunTour Mountech kiondoe hata kama kinaonekana kipya: springi iko ndani ya kipuli cha juu, uchafu huingia, na kikishika huwezi kukitengeneza njiani.