Tuyaangalie kwanza maji yaliyochujwa

Ninashughulika na vichocheo vya nikeli na shaba, yaani metali zinazoharakisha mmenyuko wa kemikali bila zenyewe kutumika, na kazi hii naipenda kwa dhati. Tunachukua mabua, maganda na unga wa mbao, tunajaribu kupata humo kemikali ambazo kwa sasa nyingi hutoka kwenye mafuta ghafi. Metali za thamani kama platini, paladi na rutheni zinaiweza kazi hiyo vizuri, ila ni adimu na bei yake haishikiki.

Nikeli ina historia ndefu hapa. Paul Sabatier alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa kuonyesha kuwa metali iliyosagwa laini huwezesha haidrojeni kuungana na misombo ya kaboni. Miaka ya 1920 Murray Raney akaja na njia yake: nikeli huyeyushwa pamoja na alumini, husagwa, kisha hutiwa kwenye kostiki soda. Alumini inaliwa huku mapovu ya haidrojeni yakifoka, inabaki nikeli iliyojaa vitundu vidogo mno. Unga huo wa kijivu tunautunza ndani ya maji, maana ukikauka hewani unawaka wenyewe. Hadi leo viwanda huutumia kugeuza glukosi kuwa sobitoli, kiungo cha kutia utamu.

Lakini shaba ndiyo kipenzi changu. Furfurali, kemikali ya majimaji inayopatikana kwenye magunzi na pumba, ikikutana na nikeli mara nyingi hujazwa haidrojeni mpaka kwenye pete yake ya atomi. Shaba hugusa kundi la kabonili, yaani kaboni iliyoshikana na oksijeni, na kuiacha pete salama. Hapo unapata alkoholi ya furfurili, ambayo hutengenezewa gundi ya kushikanisha mchanga wa kalibu za kumiminia chuma. Kwa miongo mingi viwanda vimeichanganya shaba hiyo na kromi, na kwangu hilo ni doa kubwa, kwa sababu kromi ya sita, mojawapo ya hali za kromi, ni sumu.

Kinachonikera ni ripoti zinazojisifu kwa mzunguko wa kwanza tu wa kutumia kichocheo. Mimea huja na maji na asidi zake. Kwenye joto la nyuzi 200 nikeli inayeyukia kidogo kidogo ndani ya asidi hizo, chembe za shaba zinaungana na kuwa kubwa, na masizi yanafunika kilichobaki. Chuja mchanganyiko ungali moto, toa kichocheo, kisha urudishe majimaji kwenye joto. Mmenyuko ukiendelea, ujue kazi ilikuwa inafanywa na metali iliyokwisha kuyeyuka. Kwa asidi ya levulini, inayotokana na sukari za mimea, pengine hata kipimo hukihitaji: majimaji yanatoka kijani kama ni nikeli, buluu kama ni shaba.

Ndiyo maana siku hizi nafuatilia sana chembe za nikeli na kobalti zilizovishwa tabaka jembamba la kaboni yenye nitrojeni. Vazi hilo huikinga metali dhidi ya asidi, ingawa linaweza kupunguza kasi. Mimi kasi niko tayari kuipoteza. Kichocheo cha polepole kinachotoka kwenye asidi na nikeli yake yote ndicho ningekiingiza kwenye mtungi mkubwa wa kiwandani.